Tulivyobeba Mnazi Mgonjwa hadi Adu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye huniuliza ilikuwaje, na kila mmoja nimemjibu kipande. Jumwa anajua habari ya askari na gunia. Kache anajua ya hospitali, maana nilipomsimulia alicheka hadi akashika ukuta. Wengine mmesikia tu kwamba Mwalimu Dama alitoka Kaloleni akaenda mpaka Adu kwa ajili ya minazi, mkadhani nimeanza kuzeeka vibaya. Basi nimeona niyaandike yote kwa pamoja, tangu tulipotoka mpaka tuliporudi. Barua ya chifu ya kututambulisha njiani, na mihuri yake, nimeiruka. Ilinichosha wakati ule, sitaki iwachoshe na ninyi.

Kabla ya kuondoka

Shamba letu liko kwenye mteremko nyuma ya Kaloleni. Minazi ni mia na kitu, mingi ilipandwa na baba mkwe wangu kwa mkono wake. Marehemu mume wangu aliniachia fungu lake, na mafungu mengine mawili ni ya ndugu zake. Mzee Baya ndiye mkubwa wa nyumba, na neno lake likitoka halirudi. Karisa ndiye mdogo wao, naye ni mgema, anaishi kwa tembo, pombe ya mnazi. Mimi tangu nistaafu ualimu naishi kwa nazi na makuti. Kwa hiyo sote watatu tunakula kutoka juu ya miti ile ile.

Mwaka huu vidaka vilianza kuanguka. Kidaka ni nazi ikiwa changa kabisa, sawa na yai au ngumi ya mtoto, na vichache kuanguka ni kawaida. Lakini hivi havikuwa vichache. Nilikuwa naamka asubuhi nakuta chini kumetapakaa, mpaka kufagia kukawa kazi. Kisha makuti ya chini yakageuka manjano.

Jirani yetu Mama Nyevu ndiye aliyetutia hofu. Aliolewa upande wa Tanzania, pwani huko, akakaa miaka mingi, kisha mumewe alipofariki akarudi kwao. Siku moja alipita kuomba moto, akatazama juu, akaziba mdomo kwa kiganja.

“Ndivyo ulivyoanza kwetu,” alisema. “Vidaka kwanza. Halafu manjano. Halafu kilele chote kinadondoka, mnazi unabaki nguzo. Shamba zima, Mwalimu. Mwisho tulikuwa tunapita katikati ya nguzo.”

Ugonjwa huo wenyewe wanauita kunyong’onyea, na hauna dawa. Mzee Baya aliposikia hivyo alishinda shambani siku mbili akitazama juu. Siku ya tatu akatangaza kwamba minazi yote iliyoonyesha dalili itakatwa na kuchomwa kabla haijaambukiza mingine. Tuliihesabu pamoja, ikawa arobaini na mmoja. Mwenye msumeno wa injini aliambiwa aje Ijumaa asubuhi.

Ilikuwa Jumatatu jioni. Nilikwenda kwake nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda.

“Shemeji, umemwonyesha nani mwenye elimu ya minazi?”

“Nani ana elimu ya minazi kunishinda mimi?”

“Hujawahi kuuona ugonjwa huu. Hata mimi. Nipe mpaka Ijumaa nitafute wa kutuambia.”

“Ijumaa saa tatu mashine inafika,” alisema. “Ukiwa na neno, lifike kabla yake.”

Kilichonishangaza ni Karisa. Hatukuwa tumemwomba, lakini alfajiri nilimkuta mlangoni kwangu na gunia begani. Ndani alikuwa ametia vidaka vilivyoanguka, kipande cha kuti la manjano, na karara lililokuwa bado limefumba, yaani ule mfuko mrefu ambamo maua ya mnazi hukaa kabla hayajatoka. Alikuwa amepanda mwenyewe gizani kulikata.

“Nakusindikiza,” alisema.

Kaloleni hadi Kilifi

Tulipanda lori lililobeba makuti ya kuezekea hoteli za pwani. Mimi nilikaa mbele na dereva kwa heshima ya mvi zangu, na Karisa akapanda juu ya mzigo akiwa amelikumbatia gunia. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi. Tulipofika karibu na Mavueni nilikwishajua habari za wake zake wawili na goti lake linalouma.

Hapo tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari alizunguka lori, akainua kichwa, akamwona mtu aliyevaa suruali iliyochakaa kwa kukwea, na kotama kiunoni, kile kisu cha wagema. Akanusa. Vidaka vikifungiwa guniani hutoa harufu yao, tena jua lilikuwa limekwisha kuwaka.

“Gunia hilo lina nini?”

“Lina mgonjwa,” Karisa alijibu kutoka juu.

Askari akaamuru lishushwe. Alitarajia madumu ya tembo, nadhani. Alipofungua akakuta karara na matunda yaliyosinyaa, akabaki ameinama. Nilishuka nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hata kwao Jibana mama yake analalamika vidaka vinaanguka. Aliniomba nikipata jibu nipitie hapo nimwambie. Lori lilikuwa linatusubiri, na magari nyuma yetu yalikuwa yanapiga honi, naye bado ananiuliza kama manjano huanzia chini au juu.

Kilifi

Kilifi tulishuka tukapanda tuktuk. Mimi nilikuwa nimechoka, jasho linanitiririka, nimejifunga leso kichwani. Karisa akamwambia dereva, “Tuna mgonjwa, twataka mtaalamu, na haraka.” Dereva alinitazama mara moja kwenye kioo, akaondoka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa tuktuk. Mimi nilidhani ni hodari wa kazi. Kushtuka, tumesimama mbele ya hospitali, na muuguzi mmoja mwema anasukuma kiti cha magurudumu kuja upande wangu.

“Mama, unaumwa wapi?”

“Siumwi, mwanangu. Mgonjwa yumo guniani.”

Hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika, nikajua nimezidi kuharibu. Ilibidi Karisa afungue gunia mbele ya watu wote ili ijulikane kwamba hatukubeba mtu. Muuguzi alicheka, dereva akaomba radhi, na mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akatoa maoni kwamba huo mnazi utibiwe kwa chumvi.

Kwenye ofisi ya kilimo karani alikataa gunia lisiingie ndani, na sasa najua alikuwa na haki. Alitusikiliza kupitia dirisha. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea, akasema, ni Bi Zuhura, lakini yuko Adu wiki nzima anafundisha wakulima, na simu yake haipatikani kule.

“Rudini Jumatatu,” alisema.

“Jumatatu hakutakuwa na minazi,” nikamwambia.

Tulikwenda kula kwanza. Mahamri na mbaazi za nazi, chai ya tangawizi. Nilikuwa nafikiria tugeuze. Adu ni mbali, na mimi kiuno changu mnakijua. Karisa alikuwa anachovya hamri kwenye mbaazi bila kulila.

“Twende, shemeji,” alisema. “Nakuomba. Mimi siwezi kurudi nyumbani hivi hivi.”

Nilidhani ni uchungu wa kazi yake tu. Nikakubali.

Kilifi hadi Mambrui

Basi la kwenda Malindi lilipasuka tairi kabla ya Gede, na la akiba likakutwa nalo limekufa. Tukashushwa kando ya msitu, tukangoja kwa muda wa saa tatu. Walitokea akina mama na viazi karai na chatini ya ukwaju, tukala tukiwa tumesimama. Watu walianza kuzungumza kama majirani wa zamani, na hapo ndipo ncha ya karara ilipotoa siri yetu.

Ilikuwa imechomoza mdomoni mwa gunia. Mzee mmoja wa makamo, aliyevaa kanzu na kofia, aliitazama muda mrefu kabla hajaja.

“Assalaam aleikum, mama. Karara hilo limetoka wapi?”

Nilimjibu kwa ukweli, na ukweli ule ndio uliotuponza. Uso wake ulikunjamana.

“Yaani mwapeleka maradhi kwetu? Minazi yangu iko Mambrui, njia hiyo hiyo mnayokwenda. Mimi na wanangu twaila hiyo.”

Abiria wengine wakasogea. Mmoja akasema gunia litupwe msituni, mwingine akasema lichomwe hapo hapo. Karisa alilikumbatia kama mtu anayenyang’anywa mtoto. Mimi nilisimama mbele yake. Miaka thelathini na mitano ya kunyamazisha darasa ilinisaidia kidogo.

“Ndugu zangu,” nikasema, “tukilitupa hapa, kama ni maradhi tumeyapanda hapa. Tukilichoma, hatutajua kama ni maradhi. Kwetu minazi arobaini na mmoja inangojea gunia hili.”

Yule mzee wa kanzu ndiye aliyejibu.

“Arobaini na mmoja,” alisema taratibu. Kisha akaenda kwenye shehena yake juu ya basi. Alikuwa mfanyabiashara wa nailoni za kufunikia mizigo, jina lake Athmani. Akakata kipande kikubwa, akalizungushia gunia, akafunga kwa kamba, akakata cha pili akafunga tena, na cha tatu. Alipomaliza lilikuwa gumu kama ngoma.

“Sasa hakuna kitakachotoka,” alisema. “Na leo mtalala kwangu, nilione kwa macho yangu mpaka liondoke Mambrui.”

Sikujua kama tumealikwa au tumekamatwa. Tulipofika kwake jua lilikuwa linashuka. Gunia liliwekwa peke yake juu ya sakafu ya saruji, mbali na mti wowote, likafunikwa karai. Mkewe, Bi Mwanaisha, alitupokea kama wageni waliongojwa. Alitupa maji ya kuoga, kisha akatandika mkeka na kutuletea wali wa nazi, samaki wa kupaka, na mchicha uliopikwa kwa tui zito. Nilimwambia sijala samaki kama yule tangu harusi ya mwanangu.

“Ni nazi ya nyuma ya nyumba,” alisema. “Zikifa hizo, mimi sijui kupika.”

Hakusema kwa mzaha. Alikuwa anauliza.

Kulikuwa na kitambo kidogo kigumu pale alipomgeukia Karisa na kumuuliza kazi yake, naye bila kufikiri akajibu, “Mimi nagema tembo.” Kijiko cha Bi Mwanaisha kilisimama. Karisa alitambua yuko nyumba ya nani, akainamisha kichwa. Lakini Bwana Athmani alisafisha koo lake.

“Babu yangu alikuwa akinunua tembo tamu kwa wagema wa Kigiriama,” alisema. “Akiliacha likichacha mpaka liwe siki. Achari ya bibi yangu ilisifika mpaka Lamu. Kula, bwana. Kukwea mnazi si kazi ya mvivu.”

Karisa alikula sahani mbili.

Mambrui hadi Adu

Asubuhi Bwana Athmani alitutafutia nafasi kwenye lori la maji lililokuwa linapeleka maji bara, maana kule ukame umekaza. Alisimama barabarani mpaka tulipopotea machoni, kwa kutuaga au kwa kuhakikisha gunia limekwenda, sijui. Nadhani yote mawili.

Mtu akiwa na haraka asipande lori la maji. Lilisimama kila penye boma. Wanawake walitoka na madumu ya njano, wakapanga mstari, na kila mmoja alikuwa na salamu zake za kuuliza. Nilitazama jua likipanda nikahesabu Jumatano ikiniponyoka. Halafu pale pa nne au pa tano nilimwona mama mmoja akinywa kiganja cha kwanza kwa macho yaliyofumba, nikaona haya kwa haraka yangu. Nikashuka, nikashika mpira wa maji pamoja nao. Walitupa mihogo ya kuchemsha na pilipili.

Mchana gurudumu la nyuma lilizama mchangani kwenye mkondo mkavu. Tulichimba mpaka alasiri, tukaweka matawi chini, likatoka, likazama tena hatua kumi mbele. Jumatano yote ikaishia hapo. Tulilala kwa familia moja ya jirani, na asubuhi ya Alhamisi ndipo tulipoingia Adu, wachafu, na gunia letu katika nailoni zake tatu.

Adu

Bi Zuhura alikuwa ndani ya darasa la shule ya msingi, anawaonyesha wakulima punje za mahindi zilizotobolewa na wadudu. Nilitarajia mtu mzima wa miwani. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwenyeji wa Lamu, amevaa buibui na mabuti ya mpira. Nilipomweleza tulikotoka alinishika mikono miwili.

“Shikamoo, mama. Mmekuja na hilo gunia tangu Kaloleni?”

“Marahaba. Tangu Kaloleni.”

“Siku nyingine nitumie mtu, nije mimi. Mgonjwa wa namna hii habebwi.” Alisema kwa upole, lakini alisema.

Alilifungulia nje, juu ya jiwe, mbali na mashamba. Alianza na kuti, akaligeuza mara mbili, akaliweka kando. Kisha akaliweka karara juu ya jiwe, akaomba kisu. Karisa akampa kotama yake.

“Ukiwa ni ugonjwa ule,” alisema, “mara nyingi ndani yake huwa pameoza, maua yamekuwa meusi.”

Nilitaka kufumba macho, lakini nilikuwa nimetoka mbali mno nisitazame. Akapasua kwa urefu. Ndani yake maua yalikuwa yamejipanga meupe, manono, yakinukia utamu. Hakuna doa. Bi Zuhura alipitisha kidole toka juu hadi chini.

“Huyu ni mzima,” alisema.

Niliketi chini pale pale, kwenye vumbi, mwanamke wa miaka sitini na moja.

Akachukua vidaka, akatuonyesha madoa yaliyobonyea karibu na kikonyo, kila doa na tone la gundi lililokauka. Akatueleza kwamba hayo ni majeraha ya mdudu mwembamba wa rangi ya kahawia mwenye miguu mirefu, anayefyonza kidaka kikingali laini mpaka kinadondoka. Manjano ya makuti ya chini yalikuwa habari nyingine, kiu na njaa ya mti, kwa ukame huu. Alisema hawezi kuapa mpaka aje wiki inayofuata aione minazi yenyewe, na kwamba ugonjwa ule upo kweli na umeua mashamba ya watu, tusiupuuze. Lakini kwa alichokiona, hakuna mnazi wa kukatwa.

“Kitu kimoja kinanishangaza,” akasema. “Mdudu huyu ana adui yake. Maji moto. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota juu ya miti. Kwetu twawaita hivyo kwa jinsi wanavyounguza wakikuuma. Mti wenye maji moto haupotezi vidaka namna hii. Kwenu hawapo?”

“Hao kwetu tunawaita chungu wekundu tu,” nikasema. “Nao walikuwepo tele.” Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho niliyowaona.

“Niliwaua mimi,” akasema Karisa.

Alikuwa amesimama nyuma yetu, anatazama mabuti ya Bi Zuhura.

“Mwaka jana walinivamia nikiwa juu. Machoni, masikioni. Mikono ikaachia, nikateleza mpaka katikati ya mnazi, kifua chote kikachubuka. Sikumwambia mtu. Nikaanza kuchoma viota kwa kinga cha moto. Pasipofika moto nikapuliza dawa ya kunguni. Nimepanda mnazi mmoja mmoja, shemeji, mpaka wakaisha. Vidaka vilipoanza kuanguka, moyo ukaniambia ni mimi.”

Ndiyo maana hakulila hamri lake Kilifi. Nilimtazama mtu huyu niliyemjua tangu hajaota ndevu, nikaona amebeba siku zote tatu mzigo mzito kuliko gunia. Hasira ilinijia, sitadanganya. Ikapita.

“Ungeanguka, ningekuzika,” nikamwambia. “Bora vidaka.”

Bi Zuhura alisema dawa ni kuwarudisha. Wachukuliwe na viota vyao kutoka miti mingine, wafungiwe kamba toka mnazi hadi mnazi wapate kupita. Minazi ya kugemwa itengwe, kwa kuwa mnazi unaogemwa hauhitaji kuzaa, na hiyo Karisa aiweke bila chungu, akwee kwa amani. Ilikuwa rahisi kiasi cha kutia uchungu.

Kilichobaki ni kumwambia Mzee Baya. Mtandao Adu unapatikana juu ya kilima nyuma ya shule, tena kwa kusimama upande mmoja. Nilipanda. Alipokea, lakini sauti yake ilikuwa inakatika.

“Shemeji, ni Dama. Si ugonjwa ule. Msikate.”

“Haloo? Nani?”

“Msikate minazi. Rudisheni maji moto.”

“Maji moto?”

“Ndiyo. Maji moto kwenye minazi. Ndiyo dawa.”

Simu ikakata. Nilijaribu tena mpaka betri ikaisha, na ya Karisa ilikuwa imekufa tangu Mambrui. Niliteremka kilima nikijiuliza alisikia msikate au kateni.

Kurudi

Gari la Bi Zuhura lilikuwa linateremka Malindi Ijumaa alfajiri, hakukuwa na jingine kabla yake. Njiani nilichaji simu kwenye gari, na mtandao uliporudi nikapiga. Ya Mzee Baya haikupatikana. Kila mtu wa nyumbani anajua simu hiyo hukaa dukani ikichajiwa kuliko inavyokaa mfukoni mwake. Ikafika saa tatu. Niliwaza msumeno ukiingia kwenye shina la kwanza.

Sitawasimulia Malindi wala Kilifi, maana sikuziona. Pale kizuizini nilimpigia yule askari kelele dirishani, “Mwambie mama asikate, nitamletea habari,” akainua mkono. Tulifika Kaloleni saa tisa alasiri, tukaanza kuteremka kwa miguu.

Tulisikia mashine kabla hatujaliona shamba. Ilikuwa inanguruma, inatulia, inanguruma tena, kisha mlio wa kitu kizito kikianguka. Karisa akatupa kila kitu akakimbia. Mimi nikavua viatu nikamfuata, mkoba mkononi, leso imefunguka. Kwenye kona ya ua nilimkuta amesimama ameshika magoti.

Minazi ilikuwa imesimama yote. Mwenye mashine alikuwa anakatakata msufi mkavu uliokuwa umeinamia choo tangu mwaka juzi, ili asiwe amekuja bure.

Nyumbani

Chini ya minazi kulikuwa na moshi. Meko matatu, sufuria tatu za harusi, na wake wa shemeji zangu wawili wanachochea. Mzee Baya alikuwa amesimama katikati na ndoo inayotoa mvuke.

“Umechelewa,” aliniambia. “Tumekwisha kuimwagia minne.”

“Mmeimwagia nini?”

“Maji moto. Si ndivyo ulivyosema? Nikasema huyu ni mwalimu, hawezi kuniambia upuuzi mara mbili.”

Nilicheka mpaka nikashindwa kusimama. Mama Nyevu, ambaye alikuwa amejaribu tangu asubuhi kuwaomba wanisubiri, alinikalisha akanipa maji, ya baridi. Nilipoweza kusema nikaeleza yote, ya karara na ya mdudu. Nilipofika kwenye chungu wekundu nikanyamaza. Karisa akaendelea mwenyewe, mbele ya kaka yake na wake zao na mtu wa mashine, kama alivyosema Adu. Akafungua vifungo vya shati, akaonyesha kovu la kifuani.

Mzee Baya aliliangalia kovu lile. Aliweka ndoo chini.

“Kwa nini hukuniambia umeanguka?”

“Ungenikataza kugema.”

“Ningekukataza, ndiyo,” akasema. Kisha akauliza, “Hao chungu tutawapata wapi?”

Tuliwapata kwenye michungwa ya misheni, tukawahamisha na viota vyao ndani ya mifuko, na hakuna aliyekosa kuumwa. Mzee Baya aliumwa sikioni likavimba siku mbili. Ile minne iliyomwagiwa maji haijaonyesha kinyongo. Bi Zuhura alikuja wiki iliyofuata kama alivyoahidi, akazunguka shamba lote, akapasua makarara mengine mawili, akathibitisha. Alitufundisha dalili za kuangalia kila mwezi, kwa kuwa ugonjwa ule mwingine bado unatembea huko ulipo. Habari za mama yake askari nazo zimeshughulikiwa.

Siku ile ya Bi Zuhura, Mama Nyevu alikaa kando muda wote. Watu walipotawanyika aliokota nusu ya karara lililopasuliwa, akaligusa kwa vidole, akalinusa. Machozi yakamtoka bila sauti. Nilikaa karibu yake.

“Kwetu yalikuwa meusi,” alisema. “Nilipasua mengi, Mwalimu. Nilikuwa natafuta hata moja jeupe.”

Nikamwambia asijilaumu kwa kututia hofu, kwani bila yeye nisingeondoka. Alitikisa kichwa, akafuta uso kwa pembe ya leso.

“Tangu nirudi sijapanda mnazi,” akasema. “Niliogopa kuutazama ukikua. Una mche?”

Nilimpa mmoja, umechipua majani matatu. Aliupanda nyuma ya jiko lake, pale anapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Leo asubuhi nilipopita alikuwa amepiga magoti, anauzungushia miiba ili mbuzi wangu wasiufikie, na akaniambia niwafunge.